Mgambo wa Shamba la Maharage

Vijana wa ugani mlioniaga kazini mlinipa kitenge, redio, na agizo kwamba niandike niliyoyaona. Kitenge nimeshashona, redio inakoroma, na agizo ndilo hili naanza kulitimiza hapa Malangali, kwenye kibaraza changu, kuku wakinichungulia. Vyeo na mishahara nitavipita, maana navyo vilinipita mara nyingi bila hata kunisalimu. Nitaandika habari za mdudu mmoja na ndugu zake, za mtu aliyenifundisha kumwangalia, na za maharage ya kijiji kimoja njia ya Chala. Jina la kijiji silitaji. Waliohusika wengi wapo hai, wana wajukuu wanaojua kusoma, na mimi bado napenda kukaribishwa nikipita kwao.

Nilifika Sumbawanga miaka ile ya Vijiji vya Ujamaa, msichana wa Tukuyu niliyetoka tu chuo cha kilimo, nimekaa juu ya lori la chumvi na mabati tangu Tunduma. Kwetu nimezoea migomba, ukitoka nyumbani hatua chache huonekani tena. Huku nilikuta uwanda mtupu wa nyasi, mtu unamwona akija tangu hajakuona, na upepo usiojua adabu. Wiki ya kwanza nilivaa magauni mawili kwa pamoja na bado nilitetemeka. Nilipanga chumba mtaa wa Chanji kwa mama mmoja aliyenitazama, akauliza kama kwetu hakuna wanaume hata wamemtuma mtoto wa kike aje kuwafundisha Wafipa kulima. Nikamwambia wanaume wapo, ila wako shuleni. Tangu hapo tulielewana.

Siku ya kwanza ofisini nilitaka ionekane kwamba nimesoma. Mkuu wangu, Bwana Mwalyego, alikuwa mtu wa Mbeya kama mimi, mnene, mwimbaji wa besi kanisani, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Alinipeleka kwenye kibustani cha maharage nyuma ya ofisi, akaniambia nimtajie wadudu ninaowaona. Nikawataja mmoja mmoja, vidukari, mbawakavu, kiwavi wa kijani. Kwenye jani moja alikaa mdudu mweusi mwenye mabaka mekundu ubavuni, kichwa chembamba, miguu mirefu, ametulia tuli. Huyo sikumjua. Mtu asiyejua kitu, akitaka aonekane anakijua, hukishika. Nami nikamshika kwa vidole viwili.

Kilichofuata walikisikia hadi sokoni. Yule mdudu alinichoma kidoleni kwa mdomo wake, maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko, nikapiga yowe ambalo makarani wote walitoka kuja kulitazama. Bwana Mwalyego alicheka huku ameshika ukuta. Kisha aliniletea maji ya baridi ya kuchovya kidole, akaketi karibu nami kwenye ngazi.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Sasa mmejuana. Kesho akija mtu akikwambia wadudu wote ni sawa, utamjibuje?"

"Nitampa huyu amshike."

"Hapo umeshafaulu," akasema, akaanza kucheka upya.

Ndivyo nilivyokutana na ukoo ambao vitabuni unaitwa Rhynocoris. Kwa uzazi ni jamaa wa kunguni, lakini msiwavunjie heshima kwa sababu ya ndugu zao wa kitandani. Hawa hawana haja na damu yetu. Wanawinda wadudu wenzao, hasa viwavi. Mdomo wao ni sindano iliyopinda, wanaikunja chini ya kichwa kama kisu cha mfukoni. Bwana Mwalyego alikuwa na sanduku la mbao alilolitandika kizibo, na ndani yake amewapanga kwa pini. Yupo mweusi wa mabaka mekundu, yupo mwenye mistari tumboni pembeni, yupo wa manyoya meupe, yupo mwekundu karibu mwili mzima. Kila mmoja ana jina lake la pili la Kilatini, na Bwana Mwalyego aliyatamka yote kwa lafudhi ya Rungwe bila aibu. Aliniambia kanuni moja tu, na nimewarithisha wengi wenu: kabla hujamwua mdudu, mwulize kwanza anakula nini.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Nilikuwa na kioo cha kukuzia vitu nilichokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, chupa ya jamu yenye kifuniko cha matundu, raba buti zilizonizidi kwa vidole viwili, na baiskeli ya kiume ambayo mwanamke mwenye gauni huipanda kwa dua. Ninyi siku hizi mnapiga picha kwa simu na kupata jibu kabla hamjashuka kwenye pikipiki. Mimi nilikuwa nakaa mbele ya mmea, nikingoja. Wakulima walinipita asubuhi nimechuchumaa, wakanikuta mchana nimechuchumaa, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba Bibi Shamba ana ugonjwa wa magoti.

Kwa kungoja hivyo niliona mengi. Niliona jamaa yao mmoja wa ukuta wa udongo, wa ukoo mwingine ila ndugu, anayewanyonya sisimizi kisha anajitwika maiti zao mgongoni, kifurushi kizima, anatembea nacho. Nilimwonyesha mama mwenye nyumba wangu. Alimtazama kwa makini kupitia kioo, akasema anamjua mwanasiasa mmoja wa namna hiyo. Jina silitaji pia.

Sasa nije kwenye maharage. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye vitongoji vyao na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, wengine kwa hiari, wengine kwa kunung'unika, na shamba la pamoja lilikuwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Walililima kwa namna ya Kifipa. Nyasi zinakusanywa na kufukiwa kwenye matuta ya mviringo kama vichuguu, wanayoyaita ntumba, zinaoza humo ndani, maharage yanapandwa juu, na mwaka unaofuata udongo unatawanywa ili upandwe ulezi. Ukisimama juu ya mteremko unaona vichuguu mpaka chini, vyote vimevaa kijani.

Mwaka ule wilaya ilikuwa na mashine moja ya kusaga ya kutoa zawadi, na ilitangazwa kwamba itakwenda kwenye kijiji kitakachovuna vizuri zaidi kutoka shamba lake la pamoja. Mkitaka kujua maana ya tangazo lile, msiwaulize wanaume. Ulezi ulisagwa kwa jiwe, mwanamke amepiga magoti, alfajiri, kila siku ya Mungu. Kiongozi wa akina mama pale alikuwa Mama Kizito, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na magoti yake yalikuwa na sugu nene. Alinionyesha siku moja bila kulalamika, kama mtu anavyokuonyesha jembe lake.

"Mama yangu alisaga mpaka akafa," aliniambia. "Bibi yangu vilevile. Mimi, Bibi Shamba, nikipata ile mashine, nitajua nimehamishwa kwa sababu."

Mvua zilipokaribia kwisha, viwavi waliingia shambani. Walikuwa wa kijani, wa kutoboa maganda, wanaoingia ndani na kula wakiwa wamejifungia. Mimi nilikuwa nazunguka vijiji vya upande wa pili, na habari zilipofika mjini zilikuja na maombi ya dawa. Wilaya ikakubali. Bwana mkubwa mmoja angekuja na Land Rover, mabomba ya mgongoni na dawa, na angekuwa mgeni rasmi wa kuzindua kampeni. Bwana Mwalyego na mimi tuliambiwa tupande nyuma, pamoja na mapipa.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Gaudensi, hakutaka mgeni akute watu wamekaa tu. Alikuwa mtu wa bidii na wa hotuba. Wakati ule kila mtoto alijua kwamba taifa lina maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Mzee Gaudensi aliongeza wa nne, wadudu, na kuagiza kila kaya ilete kopo moja lililojaa adui huyo. Tena wawe hai, ili mgeni rasmi awaone kwa macho yake kabla ya kuwasha moto kwa mkono wake. Ni wadudu gani, hakusema. Kwake adui hakuwa na haja ya maelezo.

Tulipofika tulikuta sherehe. Ngoma zinalia, meza ina kitambaa cheupe, glasi ya maji na maua ya porini kwenye kikombe, na mbele ya meza kuna rundo la kuni kavu lililopangwa vizuri. Pembeni makopo yamejipanga kwa mstari, ya mafuta, ya maziwa, vibuyu, hata birika moja la chai. Watu walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Wengi wao, nikaona, wamefunga vidole vitambaa.

Vile vitambaa ndivyo vilivyonishtua. Kiwavi haumi mtu. Nikasogea kwenye makopo kama mtu anayekagua kazi, nikafunua la kwanza. Weusi wenye mabaka mekundu. Nikafunua la pili, na la tatu. Nilipofika kwenye birika moyo wangu ulikuwa umeshuka kwenye raba buti. Kijiji kizima kilikuwa kimekwenda kuvua walinzi wa shamba lake, na kuwaacha wezi wakila.

Nilimnong'oneza Bwana Mwalyego. Naye akachungulia kopo moja, akafunga, akavuta pumzi ndefu. Mgeni rasmi alikuwa ameshasimama, kiberiti mkononi, na Mzee Gaudensi anamsindikiza kwenye kuni.

"Nenda," Bwana Mwalyego aliniambia. "Wewe ndiye unayewajua. Mimi nitakaa nyuma yako kwa unene wangu."

Sijui nilivyofika pale mbele. Najua nilimwamkia yule mgeni, nikamwomba glasi yake ya maji, nikamwaga maji chini mbele ya watu wote. Mzee Gaudensi alishika kichwa.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikasema, "naomba nimwonyeshe mheshimiwa adui mmoja kabla hajachomwa. Nani anaweza kuniletea kiwavi?"

Hakukuwa na kiwavi hata kwenye kopo moja. Ozwadi, mume wa Mama Kizito, mtu mfupi mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu, alienda mbio shambani, akarudi na ganda la maharage. Nikalipasua, nikamtia kiwavi kwenye glasi. Kisha kwa kijiti, maana mimi na wale tulikuwa tumeshajuana, nikamtia mmoja wa weusi, nikafunika kwa sahani.

Hakufanya kitu. Kiwavi akatembea chini ya glasi, akazunguka, akarudi. Yule mweusi akasimama kama kitasa. Ngoma zilikuwa zimenyamaza, watu wamejaa mpaka kwenye mabega yangu, mgeni rasmi anapigapiga kiberiti mezani. Mzee Gaudensi akakohoa kikohozi cha kumaliza kikao. Nyuma yangu nikasikia besi ya Bwana Mwalyego, taratibu, "Usimharakishe. Yeye hajui kuna mgeni."

Kiwavi akaja tena, na safari hii alipita karibu mno. Yule mweusi alimkumbatia kwa miguu ya mbele na kumdunga shingoni, mara moja, na kiwavi akalegea hapohapo. Watu walipiga kelele kama goli limeingia. Kisha wakanyamaza wote, maana mdudu alikuwa ametulia, mdomo ndani, anavuta, na kiwavi anasinyaa mbele ya macho yetu.

Ozwadi aliinama mpaka pua ikagusa glasi. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kumbe anakunywa kimpumu!"

Mliokulia huku hamhitaji kuambiwa. Wageni wajue kwamba kimpumu ni pombe ya ulezi, watu wanazunguka chungu kimoja na kuinyonya kwa mirija, bila haraka, macho yamelegea. Yule mdudu alikuwa amekaa hivyohivyo. Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena maishani, na mgeni rasmi mwenyewe alilazimika kukaa.

Nikawaeleza. Nikasema huyu hali jani wala ganda, anakula anayekula maganda yenu. Mtu mmoja akasema basi ni mgambo huyu, analinda kijiji bila mshahara, na jina likamganda. Mpaka leo upande ule ukisema Rhynocoris watakuuliza kama ni dawa ya kikohozi, lakini ukisema mgambo wanakuonyesha jani alilokaa.

Mama Kizito hakucheka na wengine. Alikuwa ameshika kopo lake, anaangalia ndani.

"Mimi huyu wangu nilimchuma na jani lake," alisema. "Viwavi walijificha, na wadudu wengine wakiruka. Huyu hakukimbia. Nikasema huyu ni jeuri, anastahili moto. Hapa kwenye jani chini yake kuna vitu. Ni nini?"

Nikampa kioo changu. Chini ya mdudu palikuwa na mayai, yamesimama yamebanana, ya kahawia, kila moja na kifuniko cheupe.

"Ni mayai yake, mama. Anayalinda sisimizi na vijinyigu wasiyatoboe. Ndiyo maana hakukimbia."

"Kwa hiyo huyu ni mama."

"Hapana. Huyu ni baba."

Alinitazama kuona kama namtania. "Na mama yuko wapi?"

"Akishataga anaondoka. Anakwenda kutafuta chakula chake. Baba anabaki na mayai mpaka yaanguliwe, mvua na jua."

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akapiga kigelegele, na vikafuata vingine, wanawake wanashikana mabega, wanawageukia waume zao. "Mmesikia lakini? Mmesikia?" Bibi mmoja alitaka kujua kama wapo wa ukubwa wa mtu. Wanaume walitazama milima. Ozwadi peke yake aliendelea kukodolea macho glasi.

Katikati ya furaha hiyo Mama Kizito aliinua mkono, na kwa sauti yake ile kila mtu akatulia.

"Bibi Shamba, sema kweli. Kama hawa ndio waliokuwa wakitulindia maharage, na sisi tumewatoa wote, mashine yetu ndiyo imekwenda?"

Nilisema, "Bado wako hai. Tuwarudishe."

Ilibaki habari ya mgeni rasmi, na hapo ndipo nilipojua kwa nini Bwana Mwalyego alipendwa na watu wote. Bwana mkubwa yule hakuwa mbaya, ila alikuwa ametoka mjini kuja kuzindua moto na dawa, na mtu hawezi kurudi wilayani akasema hakuzindua kitu. Bwana Mwalyego alimsogelea na kumwambia kwa heshima zote kwamba dawa ikipigwa leo itaua mgambo pamoja na wezi, lakini kuna kijiji upande wa pili kinachoililia. Hapa, akasema, wananchi wanamwomba mheshimiwa awe mtu wa kwanza katika wilaya nzima kuzindua urejeshaji wa mgambo shambani. Mheshimiwa alifikiri kidogo. Akarudisha kiberiti mfukoni.

Tulishuka mteremko wote, ngoma mbele, makopo vichwani kama watu wanaopeleka mahari. Mheshimiwa akiwa na viatu vyake vya ngozi alipewa kopo la kwanza. Nilimwomba atumie kijiti. Akasema yeye amekulia kijijini, akatia mkono. Yowe lake nililitambua, nilikuwa nimelipiga mwenyewe nyuma ya ofisi. Watu mia waligeuka na kutazama upande mwingine, mabega yanacheza, mpaka yeye mwenyewe alipoanza kucheka na kidole mdomoni. Hotuba aliitoa hivyohivyo, na ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizosikia katika utumishi wangu.

Kuwaachia ilikuwa kazi ya mara moja. Mayai ndiyo yaliyotutesa. Majani yalikuwa yamechumwa, kwa hiyo kila kipande chenye mayai ilibidi kifungwe kwa ukoka kwenye mche ulio hai, na mabaki ya siku yaliisha tukifunga. Kwenye makopo mengi baba na mayai walikuwa wameshatengana. Mama Kizito alikuwa na mdudu mkono mmoja, ameshikwa kwa jani, na mayai mkono mwingine.

"Huyu ni baba wa haya au wa yale?" aliuliza.

Nikamtazama Bwana Mwalyego. Bwana Mwalyego akatazama sanduku la kichwa chake, akakuta hamna. "Mama, hilo hata mimi sijui," akasema. "Mweke karibu, tuone."

Asubuhi nilikwenda shambani na Mama Kizito na mumewe, umande unatulowesha mpaka magotini. Nilikuwa na hofu ya kweli, maana mayai yasipolindwa huliwa, na kizazi ambacho kingewala viwavi kingekwisha. Kichuguu cha kwanza, mayai matupu, sisimizi wamejaa. Cha pili vilevile. Kwenye cha tatu Ozwadi alichuchumaa na kutuita kwa kidole. Mweusi mmoja alikuwa amepanda juu ya mayai tuliyoyafunga, miguu ameitandaza pande zote, na niliposogeza kijiti akanielekezea mdomo. Tukaenda cha nne, cha tano, na kuendelea. Si vyote vilikuwa na mlinzi, lakini vingi vilikuwa naye, na mmoja tulimkuta amekalia mafungu mawili ya mayai ambayo kwa vyovyote hayakuwa ya mama mmoja. Niliruka kwa furaha, raba buti moja ikabaki kwenye matope.

"Wanajuaje kwamba ni mayai yao?" Mama Kizito akauliza.

"Nadhani hawajui," nikamjibu.

"Hawaulizi tu," akasema Ozwadi, na akaendelea mbele kutazama mengine.

Nisiwadanganye kwamba mgambo walishinda vita peke yao. Kijiji kizima kiliingia shambani kuokota viwavi kwa mkono, safari hii kila mtu akijua nani ni nani, na waliookota waliwaachia mgambo sehemu yao kama mtu anavyomwachia mgeni nyama. Mayai yalipoanguliwa, watoto wadogo wekundu walitawanyika kwenye majani wakiwinda vijidudu vya kimo chao. Kona ya chini, karibu na kijito, tuliipoteza kabisa. Palipobaki maganda yalijaa. Nilijifunza pale kwamba kazi yetu ya ugani ni nusu kujua mdudu na nusu kujua kungoja pamoja na watu. Mengine ya miaka iliyofuata mnayajua, mengi mlikuwapo.

Baada ya mavuno tulisubiri mpaka baridi ya kiangazi ilipokaza. Vijiji vililinganishwa, maneno yalikuwa mengi, na siku moja lori lilisimama mbele ya kijiji chetu na kushusha mashine ya kusaga, ya kijani, yenye gurudumu kubwa. Fundi alihangaika nayo tangu asubuhi, kila mtu akimshauri. Ilipopiga mlio wa kwanza mbuzi walikimbia, na wazee wawili pamoja nao.

Mama Kizito alipewa heshima ya kumimina ulezi wa kwanza. Unga ulitoka wa moto, akaupokea kwa viganja viwili na kubaki ameushika, machozi yanamtoka, anacheka. Wanawake wenzake walimkumbatia mpaka wote wakajaa unga. Hakutoa hotuba, ingawa Mzee Gaudensi alikuwa ameshamwandalia nafasi baada ya ya kwake. Alijitwika debe lake la unga, akaenda nyumbani.

Mchana nilipita kwake kumuaga kabla ya kupanda baiskeli. Ngoma zilikuwa zikilia upande wa mashine, na watu walikuwa kwenye chungu na mirija yao. Ozwadi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba, peke yake, mtoto wao mdogo mapajani, miguu ameinyosha imeziba mlango. Nikataka kubisha hodi. Akaweka kidole mdomoni.

"Amelala," alininong'oneza.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala tu."

Miaka yote niliyokaa Ufipa nilikuwa sijaona mwanamke mzima akilala mchana. Kundi la vijana lilikuja barabarani likiimba kwa sauti ya kimpumu, na Ozwadi, mtu asiyejua kukemea hata kuku, alinyanyua mkono akawaambia, "Zungukieni kule." Wakazunguka.